Mzazi analalamika mwanawe hapangwi

Kocha, huyo mama aliyekufuata mechi ilipoisha kukuuliza kwa nini mwanawe kacheza dakika 10 tu, usimjibu palepale uwanjani. Damu bado inachemka, na mtoto amesimama pembeni anasikia kila neno. Mwambie mtaongea kesho, na kesho umpigie kweli.

Mkikaa, zungumzieni mtoto wake peke yake. Akianza "mbona fulani anaanza kila siku", mrudishe kwa upole. Mpe jambo linaloonekana: "Akipokea mpira anauangalia miguuni, hanyanyui kichwa. Wiki hii tunalifanyia kazi hilo."

Mimi nafundisha wa chini ya miaka 12, na nina daftari la dakika: nani kaingia lini, katoka lini. Siku moja nililifungua nikiamini mzazi ananionea, nikakuta mwanawe kweli hajafikisha nusu ya mchezo mechi tatu mfululizo. Nilimwomba radhi, na mtoto nikamwanzisha mechi iliyofuata.

Wachezaji nao wazoeshe kuja wenyewe: "Kocha, nifanye nini nipate namba?" Hata wa miaka 10 anaweza kuuliza hivyo.