Anakohoa wiki ya pili na ndani kuna kichanga? Kesho asiende shule

Mleta mada, kesho usimpeleke. Habari ya sanitaiza gani umwekee begini iache kwanza. Umesema ana miaka minne, anakohoa wiki ya pili, usiku ndiyo anazidi, homa hana, mwalimu kasema "mlete tu", na una kichanga cha mwezi mmoja. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, Mbeya, wakati wa kipupwe: kama hana homa, haambukizi. Nani kawafundisha hivyo? Huyo huenda ana kifaduro, kile kikohozi kikali cha kuambukiza, na homa yake ni ndogo, au haipo kabisa! Siku za mwanzo unaona mafua ya kawaida, na hapo ndipo kinaambukiza sana.

Darasani kwa mwanangu mkubwa madirisha yalifungwa kwa baridi, watoto wamebanana dawati moja, wanaimba irabu kwa sauti wameelekeana, kikohozi cha mmoja kinawaangukia wenzake usoni. Uongozi ulijua kuna wanaokohoa hadi kutapika, ukanyamaza ada isipungue. Hilo sijawasamehe.

Wangu mkubwa alikohoa mfululizo hadi macho kumtoka, akavuta pumzi kwa mlio mkali, akatapika uji wote. Yeye alipona. Mdogo wake, hata wiki sita za chanjo ya kwanza ya penta, ile inayokinga kifaduro pia, hajafikisha, hakukohoa kabisa. Alinyamaza tu kifuani kwangu, nikaona midomo inageuka bluu. Vichanga kifaduro huwakata pumzi hivyo, bila kikohozi. Tulilazwa, akawekewa oksijeni, Mungu akamrudisha.

Kwa hiyo usiku huu watenganishe, mkubwa asimbusu wala asilale naye. Asubuhi nenda na wote wawili hospitali, beba kadi za kliniki, na neno "kifaduro" litamke wewe, la sivyo utarudi na chupa ya dawa ya kikohozi kama mimi. Wakikuambia "si alichanjwa", wajibu kwamba kinga ya chanjo hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kikithibitika, akianza antibayotiki akae nyumbani siku 5 kamili. Asipotumia, wiki 3 tangu aanze kukohoa. Uliza pia dawa ya kuwakinga ninyi mnaoishi naye, hasa wewe unayenyonyesha.

Kichanga ananyonya vizuri? Akiacha kunyonya, au pumzi ikikatika hata mara moja, usingoje kukuche. Amsha jirani mwenye gari, nenda.