Maswali ya Wasomaji: Mwizi Asiyeshuka Gatini

Swali: Mhariri, nauza vikoi hapa Langoni, Lamu. Mwezi uliopita nilimtumia mnunuzi wa ng'ambo vikoi 20 kwa kuamini risiti aliyoniletea kwenye simu, kumbe ya bandia. Zamani mwizi tulimfuata nyayo. Je, utandawazi ndio uliobadilisha uhalifu?

Jibu: Pole sana, mama. Ulaghai ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali. Tazama biashara ya unga, yaani dawa za kulevya: afyuni hulimwa Afghanistani, heroini inayotokana nayo ikapakiwa pwani ya Makran, kule Irani na Pakistani, na kuvuka bahari kwa majahazi, karibu njia ile ile iliyotuletea tende na kurudi na boriti zetu. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya kilo 1,000 ndani ya jahazi moja tu nje ya pwani ya Kenya. Askari hukomea mpakani, fedha hazikomei; ndiyo sababu mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya magenge ya uhalifu yanayovuka mipaka, uliotiwa saini Palermo, Italia, Desemba 2000, unazitaka nchi zisaidiane kwa ushahidi na kukabidhiana watuhumiwa. Kwa upande wako, Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018. Ile risiti usiifute, hata kwa hasira. Ipeleke polisi pamoja na namba iliyoituma.