Mwanaanga anafanya nini kwenye ukuta wa shule?

Umeuliza kwa nini mozaiki (picha za vipande vidogo vya vigae) za enzi ya Sovieti zina mwanaanga hata kwenye shule na vituo vya mabasi. Yuri Gagarin wa Sovieti, mtu wa kwanza angani, aliporuka mwaka 1961, anga za juu zikawa ahadi ya kesho. Alama nyingine za mozaiki hizo nazo zina maana: atomu ni sayansi, masuke ya ngano ni mavuno ya shamba la ushirika, njiwa ni amani. Ila usisome kila ukuta kama tangazo la Chama cha Kikomunisti. Mtazame ndege kozi aliyetengenezwa kwa mozaiki na msanii Alla Horska na wenzake huko Mariupol, Ukraine, mwaka 1967: mabawa wazi, mapambo ya Kiukraini kabisa. Horska alikuwa mpinzani wa utawala, akauawa 1970. Mwaka 2022 vita vikaiharibu mozaiki ile. Inaniuma mno.