Kabla Hujachimba Nyumba ya Kale, Jifunze Jinsi Nyumba ya Udongo Inavyoanguka

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja wa Kasulu, binti anayesoma akiolojia mwaka wa pili, ambaye amechaguliwa kwenda kushiriki uchimbaji wa makazi ya kale katika jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona, nchini Marekani. Alianza kwa "Shikamoo kaka", akanieleza furaha ya wazazi wake, kisha akaniuliza anunue viatu vya aina gani, kofia ya aina gani, na kama kamera ya simu yake itatosha. Nilimwitikia marahaba, nikampongeza kwa moyo wote, halafu nikakaa siku mbili bila kumjibu maswali yake, kwa sababu mimi nilikwenda katika jangwa hilohilo miaka 11 iliyopita nikiwa na viatu vizuri na kofia nzuri, na siku ya nne tu nikaharibu sakafu ya nyumba iliyokuwa imelala salama ardhini kwa takriban miaka 1,000. Sijawahi kuliandika jambo hili. Leo naliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila kijana wa Kigoma na Tabora anayetamani kazi hii kama nilivyoitamani mimi.

Kwanza nieleze nyumba zenyewe. Watu ambao wanaakiolojia huwaita Wahohokam walilima mahindi, maharage na pamba katika mabonde ya mito Gila na Salt kwa muda wa karibu miaka 1,000, hadi mnamo mwaka 1450, wakimwagilia mashamba yao kwa mifereji ya kilomita nyingi waliyoichimba kwa vijiti na mikono mitupu. Watu wa O'odham, wanaoishi huko mpaka leo, huwatambua kuwa ni wahenga wao. Kwa karne nyingi nyumba ya kawaida ya Wahohokam ilijengwa ndani ya shimo la kina kifupi, mara nyingi chini ya nusu mita, lenye umbo la yai au la mstatili usio na pembe kali. Nguzo zilisimikwa humo, zikafungwa fito, zikaezekwa nyasi, zikakandikwa udongo. Mlango ulikuwa katikati ya ubavu mrefu, na hatua chache ndani ya mlango palikuwa na jiko, yaani kishimo cha duara kilichopakwa udongo. Nyumba kadhaa zilielekeza milango yake kwenye ua mmoja. Mtu yeyote aliyelelewa Unyamwezi ataona kwamba maisha hayo si mageni kwake, ila mimi nilichelewa kuliona hilo.

Juu ya ardhi hakuna kinachoonekana isipokuwa vigae vya vyungu vilivyotapakaa na vichaka vya miiba. Mradi niliopelekwa ulikuwa umechimba mitaro myembamba kwa mashine, na katika ukuta wa mtaro mmoja tulionyeshwa ukanda wa udongo wa kijivu wenye kitako bapa, uliopinda kwenda juu pande zote mbili kama sinia linalotazamwa kwa ubavu. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba, na mimi nilipewa robo yake. Nimekulia Uyui kwenye mashamba ya tumbaku. Jembe nililishika kabla ya kalamu, na nilitaka wenzangu, ambao wengi wao hawakuzoea kazi ya mikono, walione hilo. Nilishuka kwa kasi. Niliupita udongo laini, nikakutana na tabaka jembamba lililogoma kidogo, nikaongeza nguvu, likaachia, nikaendelea hadi nikafika kwenye kaliche, ambalo ni tabaka la chokaa lililoganda chini ya udongo wa jangwa, jeupe na gumu kama saruji. Nikatangaza kwa sauti kwamba nimefika sakafuni. Lile tabaka jembamba lililogoma, ambalo unene wake haukuzidi sentimita 2, ndilo lililokuwa sakafu.

Msimamizi wetu hakupaza sauti. Alishuka shimoni, akapiga magoti, akaokota bonge moja kutoka katika ndoo yangu na kuligeuza. Upande mmoja ulikuwa laini, wa kijivu, na juu yake palikuwa na mistari mitatu sambamba ya vidole vya mtu aliyeipaka sakafu ile. Aliwaita wenzangu wote tisa waje watazame, kisha akasema mbele yao kwamba waliomba waletewe mwanafunzi, wakaletewa mkulima. Leo mimi ni mtu mzima mwenye mke na watoto, nimechimba katika maeneo mengi tangu siku ile, na maneno hayo bado yananichoma kila ninapoyakumbuka. Kosa langu nalikubali bila kulipunguza. Matusi yale sijayakubali hata siku moja.

Nilipelekwa kwenye chekeche kwa wiki tatu. Kazi ilikuwa kupokea ndoo za wenzangu na kuchekecha udongo wao kwenye wavu wenye matundu ya milimita 6, nikitenga vigae, vipande vya mawe yaliyochongwa na, siku za bahati, kipande cha bangili ya kombe lililobebwa kutoka Ghuba ya California. Wiki hizo zilipita bila tukio kubwa, lakini zilinifundisha jambo ambalo nisingelifundishwa na mtu, kwamba udongo wa kila kina una tabia yake. Wa juu kabisa ulikuja na vigae vingi vilivyovunjika vidogovidogo, vya mitindo tofauti, kwa sababu nyumba iliyoachwa hugeuka kuwa jaa la majirani. Wa katikati ulikuja na mabonge. Wa chini ulikuwa na vitu vichache tu, na vigae vyake vilikuwa vikubwa. Nikiwa pale kwenye vumbi, nikigeuza mabonge hayo mkononi, ndipo nilipomkumbuka bibi yangu.

Bibi mzaa mama alihamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, akaliacha tembe la mumewe na kwenda kujengewa kijijini kando ya barabara. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi alikuwa akinichukua msimu wa maembe tukaenda kuyaokota kwenye mahame yale, kwa kuwa miembe na uzio wa minyaa ulibaki ukionyesha mahali pa boma hata kuta zilipokwisha. Kila mwaka nyumba ile ilikuwa imeshuka zaidi. Tembe lina paa bapa la boriti, fito na udongo, na mchwa huanza na boriti. Masika moja paa linalegea, linalofuata linaanguka lote kwa pamoja na kulala juu ya sakafu kama mkeka. Kuta hubaki zimesimama peke yake kwa miaka, zikiyeyuka kidogokidogo kwa mvua, udongo wake ukitiririka ndani na nje, mpaka panabaki tuta la mstatili unaloweza kuliruka. Chini kabisa panakuwa na sakafu na kilichoachwa juu yake, halafu paa, halafu kuta, halafu tope la mvua na takataka za wapita njia. Mpangilio huo niliushuhudia kwa macho yangu nikiwa mtoto, nikausoma kwa jina la matabaka nikiwa chuo kikuu, na sikuwahi kuviunganisha viwili hivyo mpaka niliposimama kwenye chekeche katika nchi ya watu.

Wiki ya sita wenzangu walikuwa wamekwama katika nyumba ya pili, iliyoungua. Walikuwa wamefika kwenye tandiko gumu la udongo mwekundu, na msimamizi alikuwa tayari kuliandika kuwa sakafu na kuamuru lipigwe picha. Niliomba ruhusa, nikashuka, nikainua bonge moja lililokuwa limepasuka. Upande wake wa juu ulikuwa na mikwaruzo ya mvua, na upande wa chini ulikuwa na mifereji minne ya fito, imekaa sambamba, na katikati yake alama ya kamba iliyozifunga. Hakuna fundi anayeweka fito chini ya sakafu. Nikasema kwamba hili ni paa, limeangukia ndani wakati wa moto, na sakafu iko chini yake. Walibishana kidogo, kisha wakafungua kidirisha cha nusu mita mraba, na kwa kina cha sentimita 12 mwiko, ule wa waashi, ukabadilika sauti. Hapo niliomba nipewe nafasi mimi. Nilifanya kazi kwa magoti siku mbili, nikiubandua udongo kwa ncha ya mwiko badala ya kuukata, kwa kuwa udongo ulio juu ya sakafu huachana nayo kama ukoko unavyoachana na sufuria. Tulipata jiko, tukapata mashimo ya nguzo, na kando ya ukuta wa nyuma tukapata jiwe la kusagia limelazwa kifudifudi. Bibi yangu alilaza lake hivyohivyo, akaniambia kwamba jiwe unalokusudia kulirudia huliachi likitazama juu.

Taarifa ya mradi ilipotoka, ugunduzi ule uliandikwa kwa jina la timu. Jina langu halimo mahali popote, hata kwenye orodha ya wasaidizi. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili wewe uliye Kasulu, Nzega, Urambo au Kibondo ujue kwamba ujuzi unaouacha nyumbani ukidhani ni wa kijijini ndio utakaokuokoa mbele ya watu wenye vifaa ghali kuliko nyumba ya baba yako, na kwamba una haki ya kuutaja unapouona unatumika.

Basi ushauri wangu, mdogo wangu, ni kwamba usiharakishe. Ukifika kwenye tabaka linalogoma, simama, weka chepe pembeni, shika mwiko, sikiliza. Acha sentimita 5 hadi 10 za mwisho juu ya sakafu uzichimbe peke yake, uzichekeche peke yake, kwa sababu humo ndimo mlimo vitu vya wenye nyumba, na vya juu ni vya majirani. Tazama kama kuna mchanga mwembamba wa upepo kati ya sakafu na paa. Ukiwapo, nyumba ilisimama tupu kwa muda kabla ya kuanguka, na usipokuwapo, basi huenda paa liliwaangukia wenyewe au liliungua wangali wanaishi humo. Rangi za udongo zitazame asubuhi na mapema, kabla jua halijazifuta, na ukiona kila kitu kimekuwa cha rangi moja ya vumbi, nyunyiza maji. Kule walitumia bomba lilelile ambalo sisi huku tunalitumia kupulizia dawa ya tumbaku, na mashimo ya nguzo yalijitokeza meusi mbele ya macho yangu kama madoa kwenye ngozi ya chui. Narudia tena, usiharakishe.

Na usidhani kila kipande cha mkaa kitakuambia umri wa nyumba. Huku kwenye miombo mchwa hawamwachii mtu gogo kwa miaka mitano, lakini jangwani gogo kavu linaweza kulala karne nyingi bila kuoza, mtu akaliokota na kulitia motoni, nawe ukipima mkaa huo kwa kaboni unapata umri wa mti badala ya umri wa moto. Punje ya mahindi iliyoungua ni shahidi bora, kwa kuwa ililimwa na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Jiko nalo lina ushahidi wake, kwa sababu udongo ulioungua huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ulipopoa mara ya mwisho. Nilisaidia kuchukua sampuli hizo: unachonga kijiguzo kidogo cha udongo wa jiko bila kukitikisa, unakizungushia kiunzi cha shaba nyeupe, unamimina plasta, unaandika mwelekeo wa dira juu yake, ndipo unakikata kwa chini. Mkono ukitetemeka, sampuli imekwisha. Ni kazi ya ibada, na sitamwamini mchimbaji asiyeiheshimu.

Heshima hiyo inawahusu watu pia. Ukikutana na mifupa ya binadamu katika ardhi ile, kazi husimama na jamii ya wenyeji huarifiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 imewapa wenyeji haki juu ya mabaki ya wahenga wao. Hata Snaketown, kijiji maarufu kuliko vyote vya Wahohokam, ambacho mwanaakiolojia Emil Haury alikichimba mwaka 1934 hadi 1935 na tena mwaka 1964 hadi 1965, kilifukiwa chote baada ya kazi, na leo kiko ndani ya ardhi ya wenyeji bila kufunguliwa kwa watalii. Sisi nasi tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, lakini nikifungua kidaftari changu kwenye mahame yoyote ya Tabora, mtu wa kwanza kupita ataniuliza kama nimeipata dhahabu ya Mjerumani. Ni kweli Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 hapa Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, na kwa ajili ya ndoto ya sarafu hizo vijana wetu wanapiga sururu katikati ya sakafu za babu zao usiku na usiku. Kila shimo la namna hiyo ninalolikuta linaniuma kuliko maneno ya yule msimamizi.

Kuhusu viatu, nunua vyovyote vyenye soli ngumu, na kofia iwe na ukingo mpana. Simu yako inatosha. Ila kabla ya kusafiri, nenda Jumamosi moja na bibi yako kwenye mahame ya zamani ya ukoo wenu, kama bado ana nguvu ya kutembea. Mwombe akuonyeshe mlango ulikuwa upande gani, mafiga yalikaa wapi, jaa lilikuwa wapi, na paa lilianza kuanguka kwa upande upi. Muulize pia jiwe la kusagia lililazwaje siku waliyohama, kisha uniandikie jibu lake kama atakavyolitamka.