Chumvi Kwanza, Rangi Baadaye: Kwa Anayeanza Kupaka Rimu Malindi

Rimu za kwanza nilizopaka kwa mkono wangu zilidumu wiki tatu. Zilikuwa rimu za aloi, yaani alumini iliyochanganywa, za Mercedes yangu, modeli ya W123 ya 1982, na siku nilipozifunga majirani wa Maweni walisimama kuzitazama. Wiki ya nne vikaanza kutoka vipele vidogo kandokando ya matundu ya bolti, mithili ya vipele vya joto shingoni mwa mtoto. Nikakibonyeza kimoja kwa ukucha, kikapasuka, ndani mna tone la maji. Nikalionja, usiniulize kwa nini. Lilikuwa na ladha ya bahari.

Nikamlaumu aliyeniuzia rangi. Nikalilaumu jua. Ami yangu, ambaye uzee umemkuta akipaka madau na mashua, alikuja akaziinamia akauliza swali moja tu.

"Uliziosha kwa maji gani?"

"Ya kisima, Ami."

Akacheka hadi akakohoa. "Basi umepika kitoweo, mwanangu. Umetia chumvi, ukafunika sufuria."

Mengi nitakayokwambia hapa yanatokana na kicheko kile. Wanaoanza huniuliza rangi gani nzuri, klia gani (ile ya juu isiyo na rangi) inang'aa, kompresa ya lita ngapi. Maswali mazuri, lakini hapa Malindi si ya kwanza. Visima vingi vya majumbani kwetu vina maji ya magadi au ya chumvi kabisa. Ukiosha rimu kwa maji hayo yakakauka, chumvi inabaki imeshika chuma, hata kama huioni. Nayo rangi haizuii unyevu wote, mvuke hupenya kidogokidogo. Ile chumvi iliyo chini huuita unyevu na kuushika, na hapo ndipo kipele kinapozaliwa. Alumini haipati kutu nyekundu kama bati. Inatoa unga mweupe, na chumvi inaitoboa vishimo vidogo vinavyoendelea kuchimbika chini ya rangi huku juu kunameremeta.

Kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au ya mvua. Mimi nina pipa ninalolijaza wakati wa masika, na wa nyumbani wanajua kwamba pipa lile si la kufulia. Suuza mara mbili, kausha papo hapo kwa kitambaa safi kisha kwa upepo wa kompresa, matundu ya bolti usiyasahau. Kuanzia hapo usiiguse rimu kwa mkono mtupu. Jasho nalo ni chumvi, na Januari hapa hatuna upungufu wa jasho.

Kabla ya kufika huko kuna kazi ambayo wengi wanaipita. Angalia kama rimu ina ufa. Barabara zetu zina mashimo, na rimu ya miaka arobaini imeshapigwa vya kutosha. Rangi mpya juu ya ufa ni kumficha mgonjwa daktari. Njia ninayotumia ni ya zamani na haina gharama. Toa tairi, osha grisi na vumbi la breki, kausha. Kisha paka mafuta ya taa kwa brashi upande wa ndani na wa nje, hasa pale mikono ya rimu inapokutana na duara, na kuzunguka matundu ya bolti. Iache nusu saa. Pangusa mpaka uone imekauka kabisa. Halafu nyunyizia unga laini wa chokaa, ule ule wa kupaka kuta, ukiupuliza kutoka kwenye kiganja. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuulowesha unga, nawe utaona mstari mwembamba wa kijivu, kama unywele ulioanguka kwenye sahani ya wali. Mara ya kwanza kuuona nilidhani kweli ni unywele, nikaupuliza. Haukuruka.

Rimu ya namna hiyo haipakwi, na isirudi barabarani. Wako mafundi watakaokwambia wataichoma moto waipige nyundo irudi sawa. Mimi siafiki. Rimu nyingi za aloi zimepata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalum. Mtu akiielekezea moto wa gesi kwa macho tu, nguvu ile inaondoka na hakuna rangi itakayokuonyesha kwamba imeondoka.

Jambo jingine la kujua ni chuma chenyewe. Rimu zangu ni zile za Fuchs, kampuni ya Meinerzhagen, Ujerumani, ambayo pia ndiyo iliyotengeneza rimu maarufu za Porsche 911. Hizi zimefuliwa kama jembe la mhunzi, hazikumiminwa kwenye kalibu, na ni ngumu kweli. Nyingi utakazoletewa zimemiminwa, alumini iliyochanganywa na silikoni. Lakini gari la kizamani la mbio linaweza kuja na rimu za magnesi. Tone la siki kwenye sehemu iliyokwanguliwa litakwambia: kwenye magnesi linachemka povu mara moja, kwenye alumini limetulia. Ikichemka, weka msasa chini na uiache. Vumbi la magnesi linashika moto, na moto wake ukiumwagia maji unazidi kuwaka.

Kutoa rangi ya zamani sitakaa sana. Dawa ya kubandua rangi, glavu, brashi ngumu, subira. Neno moja tu: usitumie kostiki soda, ile ya kuzibulia mabomba na kupikia sabuni. Kwenye chuma cha kawaida inafanya kazi, lakini alumini inailamba. Niliona rimu ya BMW iliyolazwa humo usiku kucha na kijana mmoja mwenye haraka. Asubuhi ilikuwa nyeusi, imeparara kama jiwe la matumbawe.

Msasa uende kwa ngazi. Palipokwaruzwa na ukingo wa barabara anza na namba 80 au 120, ingia 240, malizia 400. Ukiruka kutoka 80 hadi 400 mikwaruzo mikubwa itabaki, itajificha chini ya praima, ile rangi ya msingi, na itatokea siku ya klia. Puti, ile ya kuzibia vishimo, tumia kwa kiasi, kwenye uso tu. Pale tairi linapokalia usitie puti wala rangi nene. Pasafishe pawe laini, vinginevyo tairi litavuja upepo polepole na utamsingizia fundi wa panchari.

Alumini iliyo wazi haipendi kushikwa na rangi. Inahitaji praima yenye asidi inayouma chuma kidogo, tabaka moja jembamba ambalo bado unaona chuma kwa mbali, au praima ya epoksi. Na usiilaze ikisubiri. Ukimaliza msasa na kusafisha, praima iingie siku ile ile. Hewa yetu yenyewe ina chumvi, na rimu iliyolala wazi usiku mmoja karibu na ufuo imeshaoga baharini.

Sasa wakati wa kupuliza. Kitabu cha kopo la rangi ya kupuliza kinasema puliza kwenye joto la kawaida pasipo upepo. Aliyekiandika hajakaa Malindi. Asubuhi na mapema kuna umande, chuma ni baridi kuliko hewa na maji yanakilalia bila kuonekana. Kuanzia adhuhuri upepo wa baharini unaingia na mchanga na chumvi yake. Mimi nimebaki na kidirisha cha saa tatu hadi saa tano asubuhi, uani, nyuma ya ukuta, ardhi nimeimwagia maji kutuliza vumbi. Miezi ya masika sipulizi kabisa, napiga msasa na kusubiri. Mwenye gari akikusukuma, mwambie aje mwenyewe aipulizie mvua.

Tikisa kopo dakika mbili kamili, si mara tatu. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya rimu, pita, maliza nje. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi, usitafute kufunika. Subiri dakika kumi, la pili, dakika kumi, la tatu. Pembe za ndani na kuta za matundu ndizo za kwanza, uso wa mbele ndio wa mwisho. Wanaoanza hufanya kinyume kwa sababu uso unavutia, kisha wakirudi kwenye matundu wanaurushia uso unyunyu mkavu ukawa na chengachenga. Rangi ikitiririka usiipanguse. Iache ikauke hadi kesho, isugue kwa namba 600 na maji (ya pipa lile), uendelee.

Kuna kitu kitakachokutisha siku ya kwanza. Klia ikigeuka nyeupe, kama tui limemwagika juu yake. Ni unyevu. Thina, ile ya kuzimulia rangi, inapokauka haraka inaupoza uso, mvuke wa hewa unaganda humo ndani. Tumia thina ya kukauka polepole, na siku yenye unyevu mkali ahirisha.

Kuhusu klia ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, inang'aa na inadumu, sikatai. Lakini hadina ile ina kemikali za isosayaneti zinazoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Kwa uani kwako, anza na klia ya kopo isiyo na hadina. Ukitaka ile nyingine, mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kupumulia, umlipe. Mimi hufanya hivyo, na sioni haya.

Nimeacha mwisho kosa lililonitia hofu kuliko yote. Seti ya pili nilipaka vizuri, chumvi hakuna, vipele hakuna. Kwa furaha nilipaka kila mahali, mpaka vikalio vya bolti, pale vichwa vyake vinapokaa, na ule uso wa nyuma unaogusana na habu, kitovu cha gurudumu kwenye gari. Nikafunga, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikatoka kwenda Mambrui. Daraja la Sabaki nilipolivuka usukani ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni barabara. Nikasimama kando ili kuhakikisha, nikaweka spana: bolti tatu kati ya tano za gurudumu la mbele kushoto zilizunguka kwa vidole. Rangi nene kwenye vikalio ilikuwa imesagika na kujibana, na mkazo wote ukapotea nayo.

Vikalio vya bolti na uso wa habu visipakwe. Vizibe kwa utepe wa karatasi wenye gundi na vipande vya kadibodi ulivyokata duara kabla hata ya praima. W123 inatumia bolti, si nati, na bolti za rimu za aloi ni ndefu kuliko za rimu za chuma, basi usizichanganye ukakuta imeshika nyuzi chache tu. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, niutoni mita 110 kwa gari hili. Kwa jingine angalia kitabu chake. Ukiendesha kilomita 50 hivi, kaza tena. Kutoka Malindi hadi Mambrui na kurudi hazifiki, ongeza safari ya Gede.

Tairi usilirudishe siku ya pili. Iache rangi wiki nzima ikomae, kisha nenda mwenyewe kwa fundi wa tairi, usimtume mtoto. Mwombe aweke kitambaa au kipande cha plastiki chini ya chuma chake cha kupandishia, na risasi za balansi, vile vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu, ziwe za kubandika upande wa ndani. Zile za kubana ukingoni zinakwangua rangi, chumvi inapata mlango. Fundi atakununia kidogo. Mnunulie kahawa, ila usiondoke pale hadi gurudumu la nne.