Jibu: Nina PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nisome elimu maalumu au tiba ya usemi?

Habari ndugu. Nimekuelewa: umemaliza kidato cha sita, unataka kusaidia wenye shida ya kusema na kusikia, na umekwama kati ya ualimu wa elimu maalumu na tiba ya usemi.

Amua kwanza kama unataka kukaa darasani au hospitalini. Sisi wa tiba ya usemi tunapima na kutibu, na si watoto tu. Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walioanzisha shahada hii mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Wodini tulikuwa tunamnywesha mgonjwa wa kiharusi maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha anasema "aaa" tusikie kama sauti inakoroma kana kwamba maji yamebaki kooni. Wengi hawajui kuwa kumeza nako ni kazi yetu, na ndiko kunakookoa maisha.

Kwa Tanzania angalia MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), wana shahada inayounganisha usikivu na usemi. Sifa za kujiunga utazikuta kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Ukienda kusoma nje, uliza mapema hapa Tanzania kama utasajiliwa kufanya kazi hii ukirudi. Na kabla ya kuomba popote, tafuta ruhusa ukae siku chache kliniki ya masikio, pua na koo.