Jibu: Nasali alfajiri, ikifika saa nne amani imeisha

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umesema unapanga safari kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, unasali vizuri alfajiri, lakini ikifika saa nne gari limeharibika Makuyuni, wageni wananung'unika, bosi anatuma ujumbe mfululizo, na amani imekwisha.

Soma Marko 1:35-38. Yesu alitoka alfajiri kwenda kusali, Simoni akamfuata akamwambia watu wote wanamtafuta. Hakuwarudia, alisema waende miji ya jirani, kwa maana hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Alitoka kwenye sala akijua lipi lake siku ile. Sisi tunaomba nguvu, kisha tunabeba kila kitu. Kwa hiyo dakika tano za mwisho za sala shika daftari, wala si simu, maana ukigusa WhatsApp umeshaanza kazi. Andika matatu ambayo ni lazima leo na ni yako: labda vibali vya hifadhi, dereva wa kesho, malipo ya loji. Mengine andika jina la mhusika pembeni.

Gari likikwama, fuata Wafilipi 4:6 kabla hujajibu ujumbe wowote. Taja jambo lenyewe, shukuru, omba. "Bwana, gari limekufa Makuyuni na wageni wamo ndani. Asante hakuna aliyeumia. Nionyeshe nimpigie nani kwanza." Nusu dakika, halafu piga simu. Wengi wanakwama kwenye "Bwana nipe amani" tupu, huku akili bado iko kwenye gari. Wengine wanaruka shukrani, na sala inageuka malalamiko yenye amina. Usishangae moyo ukiendelea kudunda. Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni, na mstari wa 7 unaahidi kuhifadhiwa moyo na nia, haukuahidi kwamba gari litawaka.

Usitegemee kukumbuka tu. Funga sala hiyo fupi kwenye vitu vilivyopo tayari: kuwasha kompyuta, chai ya saa nne, daladala ya jioni. Kwenye daladala pitia daftari, mwombe Mungu msamaha kwa uliyemfokea (kesho mwombe na yeye), yaliyobaki yaache kwa kesho, Mathayo 6:34.

Halafu kuna presha ambayo ni kiporo tu. Mteja uliyemnyima jibu siku tatu hatatulizwa na zaburi, mjibu.

Ujumbe wa usiku ni suala la mpangilio. Mwendee bosi mchana, kwa heshima, na pendekezo kamili: baada ya saa mbili usiku dharura ipigiwe simu, ujumbe usubiri asubuhi, na simu ya dharura mshike kwa zamu. Msimu wa wageni wengi, Juni hadi Oktoba, huenda akakataa, basi omba angalau Jumapili moja kati ya mbili usisumbuliwe na ujumbe. Na kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Kumwona daktari si upungufu wa imani.